Dakika Sita

Kioo cha kinasa kimeandika: nafasi iliyobaki, dakika sita.
Dakika sita! Hata wali hauivi.

Dada yangu Fumie aliolewa mwaka juzi,
miaka sitini na moja, bwana harusi ana shamba la viazi vitamu
huko Kagoshima, reli inakoishia.
Alichukua sufuria, mashuka, paka.
Mimi hapa Akita akaniachia theluji ya kuchota
na hiki kisanduku cheusi chini ya runinga
ambacho kila Alhamisi, saa moja na nusu jioni,
huwasha taa nyekundu chenyewe
na kumnasia mtu asiyekuwapo
safari za treni za mashambani.
Haba na haba. Kibaba kimejaa.

Kuramoto, kijana wa dukani, akasema: mama, nunua kipya,
hivi vya zamani havina fundi tena.
Nikamtazama tu.
Miaka thelathini na minne nimefungua cherehani kiwandani,
nimezitoa roho na kuzirudisha,
leo nishindwe na parafujo saba?

Nikachomoa umeme. Nikangoja, maana umeme nao huweka kinyongo.
Kifuniko kikatoka na vumbi laini kama unga wa mchele
na unywele mmoja wa paka.
Ndani, diski: nzito, baridi, upana wa kiganja,
imeshikwa na utepe wa nyaya,
pini thelathini na tisa, na pengo moja, kama la jino,
ili mjinga asichomeke kinyume.
Nilimpenda aliyeliwaza pengo hilo.

Diski mpya ni kubwa mara tatu.
Nikazikalisha pamoja, kongwe na changa, kwenye kitako cha kunakilia;
taa nne, zikawaka moja moja usiku kucha.
Kwenye asilimia sabini na moja ikakwama,
tik, tik, tik,
kama sindano inayogonga kifungo.
Nikaketi nayo. Sikuigusa.
Saa tisa za usiku, ikavuka.

Asubuhi nikafunga, nikawasha.
Kinasa kikaitika. Treni zote zimo,
isipokuwa moja iliyoingia handakini na haikutoka.
Nikabonyeza rimoti nione nafasi.
Dakika sita.

Nikacheka mpaka chai ikamwagika.
Kumbe nilinakili kila kitu, hata ufinyu wenyewe:
nyumba sasa ina vyumba vitatu
na mwenyeji bado analala jikoni
kwa kuwa hakuna aliyemwambia.
Dawa ni moja tu, kufuta yote,
mashine ianze kuhesabu upya.

Nikampigia Fumie. "Treni zako, nizifute?"
Kimya. Nyuma yake mtu anaosha viazi.
"Zangu? Mimi treni hunitia usingizi.
Nilikuwa nakunasia wewe. Ulikuwa huchoki kutazama."

Nami miaka tisa nilikuwa natazama
ili asitazame peke yake.

Tukakosa la kusema,
tukazungumza bei ya mafuta ya taa.

Nimefuta. Saa mia mbili na ishirini, zote tupu.
Diski kongwe nimeiviringishia flaneli,
iko kwenye droo ya cherehani pamoja na treni zake,
hata ile ya handakini, huenda kwake ilitoka.
Ratiba ya Alhamisi sikuifuta. Wala haikai kwenye diski;
hukaa ndani zaidi, mahali ambapo bisibisi yangu haikufika.

Leo, saa moja na nusu, taa imewaka.
Behewa moja linapanda mlima, abiria watatu,
mmoja amelala na mdomo wazi.
Sijui kwa nini sisimami nikapike.

Mezani imebaki parafujo moja.
Nimehesabu mara mbili.
Sijui ni ya wapi, na kila kitu kinafanya kazi.